Jina Lililokataa Kusafiri Bure

Wakati nasubiri matokeo ya kidato cha sita nilikuwa na swali moja linaniwasha kama upupu. Ile app ya meseji tunayotumia wote, ya bure, mwenyewe anakula wapi?

Bando siyo jibu, maana bando unanunua kwa watu wa mtandao wa simu, na hao ni wengine kabisa. Nilimuuliza bodaboda anayenibebaga kutoka Bweri kwenda Mukendo, hapahapa Musoma, akasema hela ya bando wanagawana. Nikamuuliza kama aliwaona wakigawana. Akasema mbona nauliza kama polisi. Mwalimu wetu wa kompyuta alishasemaga darasani kwamba wanapata kupitia data, halafu kengele ikalia, akaondoka zake. Mi jibu la hivyo linaninyimaga usingizi. Data ndiyo nini? Unaila na ugali?

Jibu lilinifuata dukani. Mama mdogo wangu, ambaye nakaa kwake Bweri, ana duka Mukendo la nguo za watoto wachanga: vikofia, soksi, mashali, yale magauni madogo yanayotoshea kwenye kiganja. Biashara ilikuwa imelala. Akanipa simu ya duka, akasema wewe si umesoma, tangaza. Nikapanga nguo mezani, nikashika gauni la njano kwa mkono wangu wenye bangili ya shanga, nikapiga picha. Nikaiweka kwenye ile app nyingine ya picha na video, ambayo kumbe mwenyewe ni huyohuyo wa meseji. Chini ya picha ikatokea inaniuliza kama nataka watu wengi zaidi waione. Nataka, ndiyo. Na wakibonyeza wanataka kuangukia wapi? Pakawa na sehemu ya kuchagua: waje moja kwa moja kwenye meseji za duka. Nikachagua. Halafu ikaniuliza watu wa wapi, wa umri gani, wanawake au wanaume. Nikajaza wanawake, Musoma, Bunda, Butiama, umri wowote. Halafu ikasema: lipia.

Nikakaa kwenye kiti. Kumbe ni hivi. Kumbe anayelipa ni sisi wenye maduka.

Nilianza kucheka peke yangu, mama mdogo akatoka nyuma ya pazia kuangalia kama nimepagawa. Nikamweleza mbiombio. Watu wote wa mkoa wa Mara wanachati bure, wanajazana humo kama soko siku ya mnada, na yule mwenyewe haombi kiingilio hata kidogo. Anangoja wenye bidhaa waje, hao ndio anawatoza nafasi ya kusimama mlangoni. Na lile basi ambalo tiketi yako inaingiaga kwenye meseji, na benki inayokusalimia kwa jina, hao nao wanalipia kukutumia. Wewe humlipi, ila wanaokutafuta wanamlipa. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa hiyo na yeye sasa ni mfadhili wa wazungu, nilipie haraka wateja waje.

Nikalipia. Wiki hiyo nilikuwa sishikiki. Nilimweleza fundi cherehani wa jirani, nilimweleza mama wa maandazi. Bodaboda nilimweleza safari nzima kutoka Bweri, akaniambia kesho nipande na mwingine.

Wiki hiyohiyo dada yangu akajifungua Bunda. Mtoto wa kike. Grupu la familia likalipuka, mashangazi wanatuma maua, mjomba anatuma picha ya ng'ombe bila maelezo. Mama alikuwa ameshaenda Bunda kumkanda dada. Na wote tukaanza kungoja kitu kimoja: jina.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtoto wa kwanza anapewa jina la nyumbani na bibi mkongwe wa upande wa mama, na jina linatakiwa liingie kwenye sikio la mtoto kabla halijasikika kwingine, na kabla kitovu hakijadondoka. Kitovu kikidondoka hujaleta jina, upande wa baba wanatoa la kwao. Hakuna ugomvi, hakuna faini, ila la kwako limepotea. Na bibi yetu wa Butiama alikuwa na jina moja la kike amelitunza miaka yote. La dada yake mkubwa aliyemlea baada ya mama yao kufa. Vitukuu wote wa kabla ya huyu walikuwa wa kiume, na kila akizaliwa mmoja bibi anashangilia, halafu anasema lake bado liko kwenye sanduku. Jina lenyewe hakuna hata mmoja wetu alikuwa analijua.

Sasa bibi ana goti. Likivimba hatoki uani. Zamani kwa shida ya hivyo majina yalikuwa yanaenda kwa simu ya kawaida, unaweka spika kwenye sikio la mtoto. Lakini nyumbani kwa bibi mtandao unakatikaga, na kwa kitukuu mmoja wa kabla ulikatika katikati ya jina. Kilichofika ndicho alichopewa, na mpaka leo anaenda shule na nusu ya jina. Ndiyo maana tulifurahi voisi, zile meseji za sauti, zilipokuja. Voisi inafika nzima. Bibi anaongea, mama anaweka simu kwenye sikio la mtoto, sauti chini kabisa, tumemaliza. Na bibi kwa voisi tena! Anaongea kama yuko kwenye mazishi, salamu kwa wakubwa, salamu kwa wadogo, hali ya mvua, hali ya goti, ndiyo anafika kwenye jambo.

Kwa hiyo tukangoja voisi. Kimya. Mama akatuma picha ya mtoto amekunja ngumi. Kimya. Shangazi akaandika, mama wa Butiama, tunakusubiri wewe. Halafu siku ya tano mchana, niko dukani nafunga soksi mbili mbili, grupu likaandika kamstari kadogo ka kijivu: Bibi Butiama ameondoka.

Amejitoa kwenye grupu, yeye mwenye jina.

Nilimpigia simu ya kawaida. Alipokea, akaniuliza kama niko salama, akasema mambo mengine hayasemwi kwenye hivi vidude, nije. Nilipojaribu kuuliza, akakata. Mtandao haukukatika, alikata mwenyewe. Mama akaniandikia pembeni kwamba kitovu cha mtoto kimeanza kukauka vizuri, na kwamba mama mkwe wa dada amepiga kutoka Mugango anasema anakuja na samaki. Mama mkwe yule ni mtu mzuri sana, na ndiyo tatizo. Mtu mzuri akikuta nafasi iko wazi ataijaza kwa moyo mweupe, na huwezi hata kununa.

Mama mdogo akaniruhusu. Kesho yake alfajiri nikapanda gari stendi ya Bweri.

Nilimkuta bibi amekaa kwenye ngozi yake uani, mguu umenyooka mbele, simu imefunikwa na ungo. Kweli, ungo. Kama kuku aliyekamatwa. Akanikaribisha, akaniita mke mwenzangu, maana mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja na babu amekufa hajaamua anampenda nani zaidi. Akauliza wale mabwana wa Musoma wananilisha nini mbona nimebaki shingo. Nikamjibu wananilisha vizuri kuliko mume wetu. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akauonyesha ungo kwa kidevu.

"Humo ndani kuna mtu," akasema.

Nikauliza mtu gani. Akafunua ungo, akafungua simu, na hapo nakiri bibi anapangusa simu kwa ufundi kuliko mama. Alikuwa amekwenda kuangalia kwaya kwenye ile app ya picha na video, kama anavyofanyaga kila asubuhi. Siku dada alipojifungua, kabla hata hajamwambia jirani, katikati ya kwaya kikatokea kitu. Akakitafuta, hakukipata, akanionyesha picha aliyoipiga ya hicho kitu, maana hata kupiga picha ya kioo anajua.

Nguo za mtoto mchanga. Meza. Gauni la njano. Na limeshikwa na mkono wenye bangili ya shanga.

Bibi akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza daktari. Mtoto kazaliwa Bunda usiku, habari imepita kwenye grupu alfajiri, na asubuhi simu inamletea nguo za mtoto wa kike. Hakumwambia mtu. Sasa aliyewaambia ni nani? Yeye hawezi kutamka jina la dada yake mbele ya mtu aliyejificha, likafike kwa mwenye duka asiyemjua kabla halijafika kwa mtoto. Kwa hiyo amejitoa.

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo. Nikanyoosha mkono wangu, nikauweka kando ya simu, bangili kwa bangili.

Alitazama mkono. Akatazama picha. Akatazama mkono.

"Mwanamke wewe," akasema. "Kumbe mwizi wangu namlisha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi, na yeye anacheka huku ameshika goti, anasema usinichekeshe linauma, halafu anaangalia tena picha anaanza upya. Nikamweleza kwamba ni duka la mama mdogo, binti yake mwenyewe, kwamba tangazo nililiweka kabla dada hajajifungua, kwamba niliandika wanawake wa Butiama umri wowote na yeye ni mwanamke wa Butiama mwenye umri wowote. Hakuna mtu alisikia. Ni mimi tu nililipa.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia ajirudishe kwenye grupu. Lakini bibi akafuta machozi, akauliza nililipa nani.

Basi nikamweleza, na kwa kuwa hilo ndilo swali nililokuwa nalipenda kuliko yote duniani, nilimweleza kwa raha zote. Nikatafuta mfano wa kwake. Si bibi aliwahi kuwekewa ng'ombe na jamaa wa Bunda, akae naye, amchunge? Akasema ndiyo, yule mwenye pembe moja. Maziwa alikuwa anakunywa nani? Akasema yeye, na watoto wake wote walikua kwa maziwa yale. Alikuwa analipa? Hakulipa. Na ndama? Ndama wa mwenye ng'ombe. Haya, nikasema, app ni ng'ombe wa kuwekewa. Kuchati ni maziwa, unakunywa bure mpaka ushibe. Na mwenyewe anapata ndama huko, kutoka kwa sisi wenye maduka.

Nilijiona nimefundisha vizuri kuliko walimu wangu wote.

"Ndama ni nini?" akauliza bibi.

Nikasema hela za matangazo.

Akasema hapana, hela ni kile anachopata akishamuuza ndama. Anauliza ndama mwenyewe. Ng'ombe anakula majani ya kwangu, anazaa ndama, ndama anachukuliwa. Kwenye simu kinachochukuliwa kwangu ni nini?

Nikasema, sawa, kuna vitu anavijua. Anajua unaongea na nani, na saa ngapi, na uko wapi, na unapenda kwaya. Ila maneno yenyewe hasomi, yanafungwa huku yanafunguliwa kule, hata mwenyewe hana ufunguo. Ndivyo wanavyosema.

"Umeuona huo ufunguo?"

Nikasema sijauona.

"Waliokwambia umewaona?"

Hilo lilikuwa swali langu nililomuuliza bodaboda wa Bweri, limenirudia na nauli yake. Ningeweza kubishana. Nilisoma kwamba maneno yanafungwa na naamini yanafungwa. Nikamwambia hivyo, kwamba mimi ningelituma. Bibi akasema na yeye ataendelea kutuma, voisi za mvua, voisi za goti, kwaya ataangalia, maziwa yale matamu. Hata grupu atarudi. Lakini hili moja si ndama wa mtu. Hili ataliweka kwenye mdomo wa damu yake, na nauli atalipa yeye, ili lisiwe na mdai.

Halafu akanivuta kichwa, nikapiga magoti kwenye ngozi, akaninong'oneza.

Sikujua kama ningeguswa hivyo. Nilisisimka mpaka kwenye nyayo. Alilitamka polepole na kwa Kizanaki chake cha zamani, akalirudia, akaniambia nimrudishie sikioni kwake. Nikamrudishia. Akasema nirudie, sauti ya pili ndani ya jina nimeikosea. Nikarudia. Akaangalia migomba, akasema hajalisikia jina lile kwa sauti ya mtu mwingine tangu dada yake azikwe. Halafu akanipiga mgongoni. Nenda, usilitamke njiani, usiliandike kwenye simu.

Hapo nikawa kama nimemeza taa.

Bodaboda wa kunipeleka Makutano alikuwa muongeaji. Aliniuliza natoka kwa nani, nikaitikia kwa kichwa. Akauliza naenda wapi, nikaonyesha mbele. Akauliza kama nimegombana na mtu. Nilikuwa nimefunga mdomo kwa sababu nilikuwa nalisema lile jina ndani, kwa mdundo wa pikipiki, na niliogopa nikifungua mdomo kidogo tu litaruka lenyewe, limwingie huyu kijana, halafu tuwe na bodaboda mwenye jina la dada yake bibi. Wazo hilo lilinichekesha. Nikawa nacheka mdomo umefungwa. Alinitazama kwenye kioo, akaongeza mwendo.

Makutano nikangoja gari la Bunda, na hapo simu ikaanza. Mama anaandika: uko wapi. Mama anaandika: kimelegea, kinashikilia kwa uzi. Mama anaandika: mama mkwe ameshafika na dumu la mafuta na samaki. Nikajibu naja. Nikaona vidole vyangu viko juu ya herufi, jina limejaa mdomoni, ni kubonyeza tu, bure, lingefika kabla ya mimi kupanda gari. Nikaizima simu, nikaitia chini kabisa ya begi, chini ya kanga.

Kwenye gari nilikaa dirishani. Milima ile ya mawe inapita, ng'ombe wanapita, na mimi nalisema ndani, nalisema ndani. Katikati nikapata hofu ya kijinga: ile sauti ya pili niliyoikosea, sasa naisema ya kwangu au ya bibi? Nikajaribu kusikia sauti ya bibi. Nikasikia "kumbe mwizi wangu namlisha". Nikacheka tena, kwa sauti mara hii, na jina likakaa sawa lenyewe.

Bunda nilikimbia. Kutoka stendi mpaka kwa dada siyo mbali, lakini nilikimbia kama nimeiba. Nikaingia bila hodi. Chumbani dada amekaa na uji, mama anaandaa maji, na mama mkwe wa Mugango amekaa kwenye kigoda kamshika mtoto mapajani, chumba kizima kinanuka samaki wake, furu wa kukaanga. Mtoto tumbo liko wazi. Nikaangalia kwanza hapo. Kilikuwepo. Kimeegemea kama mlevi, lakini kilikuwepo.

Nilitaka kusalimia nikashindwa, nikaonyesha mdomo wangu. Mama akaelewa. Mama mkwe naye akaelewa, ni mtu mzima, akanyanyua mtoto kidogo kunisogezea. Akasema kwa Kiswahili chake chenye Kijita ndani, "Njoo mwanangu, tulikuwa tunakuchungia nafasi. Nimemwambia huyu azuie kitovu chake."

Nikainama. Sikio la mtoto lilikuwa dogo kama kokwa, na moto. Nikalisema. Lote, na sauti ya pili nikaisema kama bibi. Mtoto akakunja uso kana kwamba nimempa limao, halafu akapiga chafya. Mama akaanza vigelegele, dada akamwaga uji.

Ndipo nikakaa chini, nikala furu, nikaongea kila kitu nilichokuwa nimekizuia tangu Butiama. Niliwaeleza habari ya ungo, ya mkono wenye bangili, ya ng'ombe mwenye pembe moja. Mama mkwe alicheka mpaka akajifunika kanga. Akasema huko Mugango anauza dagaa kwenye grupu na alikuwa anadhani anawaibia wenye app, kila siku anamwomba Mungu wasishtuke.

Kitovu kilidondoka jioni, mama anamwogesha. Nikafukua simu kwenye begi, nikaiwasha ili kumpigia bibi, simu ya kawaida. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilimwambia tu, limefika. Nilisikia kuku wa kwake, nilisikia anapumua. Halafu akasema ahsante, mke mwenzangu, akakata.

Kidogo mama mdogo akapiga kutoka dukani, hajui acheke au afanye nini. Kuna mteja amebonyeza lile tangazo, yuko Butiama, ametuma voisi ndefu yenye salamu za wakubwa na wadogo, hali ya mvua na hali ya goti. Anataka lile gauni la njano na asiuziwe mtu mwingine. Amepunguza bei mwenyewe, kwa sababu mwenye duka ni binti yake wa kumzaa. Mama mdogo akanirushia voisi niisikilize mwisho wake, maana yeye mwisho haukumwingia.

Niliisikiliza nimeweka simu sikioni, sauti chini. Mwisho bibi anasema mzigo upelekwe Bunda, juu ya mfuko tuandike tu "wa mtoto wa Bunda". Jina tusiandike, na tusilitume huku, mtoto ndiyo kwanza kalipata, tumwache alizoee.

Nikafungua ukurasa wa tangazo. Palikuwa na mtu mmoja mpya aliyebonyeza, na hela ya tangazo ya mama mdogo imepungua kidogo kwa ajili ya kidole cha bibi. Nikamwandikia mama mdogo atafute mfuko mzuri.